Filamu Moja ya Kirui

Daktari Kaur hakuwahi kuonja nyama maishani mwake, kwa hiyo nadhani angecheka kama angetuona Jumamosi ile, mimi na Kirui, tumetoka kumuaga mahali ambapo Wasikh wa Nakuru huchomea wafu wao, tukaenda moja kwa moja hadi Kikopey, bado tumevaa suti, kungoja mbavu za mbuzi. Wazo lilikuwa la Kirui. Nilikuwa sijamwona tangu tukiwa vijana, na pale kwenye maombolezo nilimtambua kwa mgongo kabla ya uso: bado anasimama kama mtu anayechungulia kitu kidogo mezani. Ana duka la dawa za mifugo Kericho sasa, ana kitambi cha heshima, na alipogeuka akaniona alisema, "Profesa!" kwa sauti iliyowafanya waombolezaji wawili wageuke kutafuta profesa. Sijawahi kuwa profesa. Ni jina alilonipa mwaka 2007 kwa sababu nilikuwa nikieleza mambo vizuri kuliko nilivyoyafanya, na kwa bahati mbaya hiyo ndiyo kazi niliyoishia kuifanya: naandika makala kuhusu sayansi za watu wengine. Katika gari nilikijaza kimya kwa maswali kuhusu bei ya dawa za kupe. Lile nililotaka kumwambia nilikuwa nimelibeba muda mrefu mno hata nikasahau kwamba lina uzito, kama mtu anavyosahau funguo mfukoni mpaka akae vibaya.

Kituo chetu cha utafiti kilikuwa nyumba ya zamani ya mlowezi upande wa Bahati, mabati mekundu, veranda pana, na harufu ya moshi iliyokataa kutoka ukutani. Chumba cha kulia kilikuwa ofisi. Jiko lilikuwa maabara: pale mpishi wa mzungu alipokuwa akikandia unga ndipo tulipoweka mashine ya kuzungushia damu, na sinki lake kubwa la udongo ndilo tulilooshea vyombo. Stoo ya vyakula, kachumba kasiko na dirisha, kalikuwa chumba chetu cha giza. Daktari Kaur alikuwa akitafuta chanjo ya ndigana, ule ugonjwa wa kupe unaomaliza ng'ombe, na alikuwa na wasaidizi wawili waliotoka chuo kikuu juzi tu, mimi na Kirui. Alivaa ndara na koti jeupe lililofika magotini, na saa ya chakula alitukalisha wote kwenye veranda, akafungua mikebe ya chapati, dengu na achari ya ndimu, akatulisha kana kwamba utafiti wenyewe ulikuwa kisingizio. Kirui alikuja na mursik, maziwa ya mgando ya kwao, kwenye chupa ya soda. Daktari alimkataza kuiweka kwenye friji ya sampuli, naye akaendelea kuiweka, nyuma kabisa, imeandikwa "HATARI". Siku moja Daktari aliitoa, akainusa, akasema, "Kirui, hapa umeandika ukweli," akairudisha.

Kazi yenyewe niieleze kwa ufupi, maana bila hiyo hakuna lawama. Tulitaka vipande vya jeni ambavyo vingeiambia seli ya mnyama: anza kusoma hapa, tengeneza protini hii, tengeneza kwa wingi. Vipande vya namna hiyo kwa kawaida hujaribiwa ndani ya seli hai, lakini kulea seli kunahitaji umeme usiokatika, na umeme wa upande wetu ulikuwa na hiari yake. Kwa hiyo tulifanya kazi bila seli. Sungura akidungwa dawa fulani siku kadhaa mfululizo, damu yake huharibika, na mwili kwa hofu humwaga chembe nyekundu changa nyingi ajabu. Chembe hizo zimekwisha kutupa kiini, yaani maktaba yote ya maagizo, lakini mashine za kutengeneza protini bado zimo na bado zina moto. Unatoa damu, unaziosha chembe, unazipasua kwa maji baridi, unapata uji mwekundu. Halafu unafuta maagizo ya sungura yaliyosalia humo, na sasa una karakana isiyo na bosi: ukiipa agizo lolote, inalitii. Sisi tuliipa agizo la kutengeneza ile protini inayomfanya kimulimuli awake, tukilitangulizia kila mara kipande tofauti. Kipande kizuri, mwanga mwingi. Kipande kibovu, giza. Uji huo ungeweza kununuliwa ng'ambo, lakini ulitakiwa kusafiri ukiwa umeganda, na kila ulipotoka forodhani ulikuwa umeshakuwa supu. Ndiyo sababu tulifuga sungura.

Sungura walikaa kwenye vizimba nyuma ya nyumba, na sisi, kwa kuwa ulikuwa mwaka wa uchaguzi na kila mtu alikuwa akigawa vyeo, tuliwapa wizara. Kulikuwa na Wizara ya Fedha, mnene, asiyeshiba. Kulikuwa na Wizara ya Maji aliyekojoa ovyo. Chakula chao kililetwa na Mama Njambi kutoka Dundori, mwanamke wa sauti kubwa aliyeuza viazi na mboga sokoni na kutupitishia karoti na majani ya kabeji. Nilipenda kukaa jikoni nikimsikiliza dirishani akizungumza na Kirui.

"Hawa sungura wa Daktari wanakula karoti hata mimi sijaonja."

"Ni mawaziri, mathe. Utawalisha nini?"

"Na mkimaliza kuwadunga, nyama mnapeleka wapi?"

"Tunachoma kwa shimo. Akishadungwa hata mbwa usimpe. Ile dawa itakumaliza damu yako pia."

"Na kama hajadungwa?"

"Kama hajadungwa ni sungura tu."

"Woi! Nyama ya kutosha kanisa lote, na nyinyi mnatafuta damu. Mtaandikwa kwa gazeti, mumiani wa Bahati."

"Wewe leta karoti, tutakuachia ya kwako."

Alicheka mpaka akashika fensi. Hiyo ilikuwa Novemba, na uchaguzi ulikuwa bado ni jambo la kuchekea.

Kirui alikuwa na kipande chake. Nasema chake kwa sababu wazo halikuwa la Daktari wala langu. Alikikata kutoka kwenye virusi vya ng'ombe, akisema kwamba virusi havina adabu, huingia karakana ya mtu na kuanza kutoa amri bila kubisha hodi, na kwamba ujeuri huo ndio tuliohitaji. Mimi nilikuwa na kipande changu pia, kizuri kwenye karatasi. Wiki chache kabla ya Krismasi tulijaribu vyote pamoja, mchana mmoja wa mvua. Kirui alipanga vishimo vya sahani: kimoja kipande cha kununua ambacho dunia nzima ilijua kinafanya kazi, kimoja changu, kimoja chake, na cha mwisho maji matupu. Mimi ningeacha maji. "Kishimo cha maji ndicho shahidi," aliniambia. "Maji yakitoa mwanga, jua umejidanganya." Tukaingia stoo, tukafunga mlango, Kirui akaziba chini kwa blanketi, tukaweka sahani juu ya filamu ya eksirei, ambayo mwanga huigeuza nyeusi, na kukaa kwenye magunia gizani tukinong'onezana upuuzi. Filamu ilipotoka kwenye dawa, ilikuwa na doa la kijivu la kile kipande cha kununua. Changu kilikuwa kivuli, kama alama ya kidole. Cha Kirui kilikuwa doa jeusi kama pilipili manga. Mahali pa maji palikuwa peupe kabisa. Daktari Kaur aliinua filamu dirishani, akaangalia muda mrefu, kisha akamwita Kirui "beta", ambalo ni neno la mama kwa mwanawe, na ambalo mimi hakuwahi kuniita.

Nilimpongeza. Nilimpongeza mno; nilimshika mkono mara nyingi kuliko inavyohitajika.

Jambo lililokuwa mezani sote tulilijua. Maabara moja ya ng'ambo iliyoshirikiana na Daktari ilikuwa na nafasi ya mwanafunzi mmoja, na Daktari alitakiwa kutaja jina kufikia mwisho wa Februari. Alituambia waziwazi, kwenye veranda, akipaka chapati siagi: filamu moja ni bahati, filamu mbili ni kazi. Uji ule ulikuwa umekwisha. Kirui angeutengeneza mwingine Januari, kutoka kwa sungura wengine, na doa lake likitokea tena angekwenda yeye. Lisipotokea, basi tungeangalia alama za chuo, na alama zangu zilikuwa juu ya zake. "Usiogope, Profesa," Kirui aliniambia tukiosha sahani. "Nitakutumia postcard."

Yaliyotokea nchini baada ya uchaguzi yameandikwa na watu walioyaona vizuri kuliko mimi. Mimi nilikuwa salama, na hilo ndilo la kwanza katika yale ninayoyaonea haya. Nilikuwa nimepanga chumba karibu na kituo, kati ya watu wa lugha yangu, na nilikuwa na unga, chai na sukari. Kirui alikuwa amepanga mjini, na vurugu za kikabila zilipofika mjini mwishoni mwa Januari, alikuwa mahali pabaya kwa jina lake. Alinipigia simu kutoka uwanja wa polisi. Nyuma yake nilisikia watoto wakilia na mtu akiita majina.

"Niko sawa," akasema. "Tunangoja lori la kwenda Kericho. Sikiza. Sungura wako aje?"

"Kirui, wewe mwenyewe uko aje?"

"Nimekwambia niko sawa. Sungura?"

"Wanakula."

"Jumatatu uanze kudunga. Dawa iko kwa friji, nyuma ya mursik. Ukianza Jumatatu, damu itakuwa tayari nikipata njia ya kurudi. Ukichelewa hatutawahi Februari. Unanisikia? Asubuhi mapema."

"Asubuhi mapema."

"Asante, ndugu yangu." Hakuniita Profesa.

Jumatatu nilifika kituoni mapema kama nilivyoahidi. Daktari alikuwa amefungiwa mjini na hali ya barabara. Nilipima dawa, nikajaza bomba la sindano, nikaliweka kwenye trei ya chuma. Kupitia dirisha la jikoni niliona uwanja wa kanisa la jirani umejaa watu: familia zilizokuwa zimetimuliwa kutoka mashamba ya huko juu, zimekuja na magodoro na kuku na saa za ukutani. Walikuwa wamelala nje. Watu waliowatimua walizungumza lugha ya Kirui, na watu waliomtimua Kirui walizungumza yangu, na mimi nilikuwa nimesimama jikoni kwa mzungu na sindano tayari. Sungura wa kudungwa walikuwa vizimbani, nyuma ya mlango. Ingekuwa kazi ya dakika chache. Nikaamua kunywa chai kwanza.

Nimejieleza mambo mengi kuhusu chai hiyo. Kulikuwa na baridi, mikono ilikuwa inatetemeka, na mikono inayotetemeka haifai kumdunga sungura. Hayo yote ni kweli. Niliteka maji, nikawasha jiko la gesi, nikaweka maziwa na majani, nikangoja yapande, nikayashusha, nikayarudisha yapande tena, maana chai ya kuchemka mara moja si chai. Nikakaa nayo verandani. Na nilipokuwa nakaribia mashapo ya kikombe, Mama Njambi akaja akipita fensi, kitenge kimefungwa kiunoni, na nyuma yake wanawake wanne nisiowajua, mmoja na mtoto mgongoni ambaye hakulia. Hilo la kutolia ndilo lililonitisha.

"Karanja," akasema. Hakunisalimia. "Hao sungura wako na dawa ama bado?"

Angeweza kuniuliza kama wanaweza kuwachukua, na ningekuwa na majibu: ni mali ya kituo, Daktari hayupo, ni utafiti. Lakini aliuliza swali ambalo Kirui mwenyewe alimfundisha, na swali hilo lilikuwa na jibu moja tu.

"Bado," nikasema.

"Basi."

Wakaenda vizimbani. Nami nikawasaidia. Naomba hilo lieleweke: niliwafungulia milango, nikawashika sungura kwa ngozi ya shingo kama Daktari alivyotufundisha, nikawakabidhi mmoja mmoja. Walikuwa watu wenye njaa na watoto, na mbele yao nyama safi. Mtu yeyote mwenye akili angefanya hivyo, Kirui angekuwa wa kwanza. Lakini nilipomtoa Wizara ya Fedha, mzito, moyo wake ukidunda kwenye kiganja changu, kabla sijawaza mtoto yule asiyelia, niliwaza doa jeusi. Niliwaza kwamba halitatokea tena. Na kitu ndani yangu kililegea, kama mtu aliyevua kiatu kinachobana.

Walipikwa na viazi vya Dundori kwenye sufuria kubwa za kanisa, chumvi na kitunguu tu. Mama Njambi aliniletea paja kwenye sahani ya bati. "Kula, umetusaidia." Nilikula. Ningependa kuandika kwamba ilinikwama kooni, lakini ilikuwa tamu sana na nililamba vidole. Yule mtoto alinyonya mchuzi kwenye kitambaa, na jioni nikasikia kilio chake, kikali, cha mtu mwenye nguvu za kudai, na wanawake wakacheka kwa furaha. Siku zilizofuata nilizunguka Bahati yote nikiuliza sungura wa kununua. Nilizunguka kwa bidii, na hiyo bidii pia siiamini.

Barabara zilipofunguka Daktari Kaur alikuja, akasimama mbele ya vizimba vitupu. Nikamweleza kila kitu, isipokuwa chai. Nani angesimulia habari za chai? Kisha akaweka mkono kichwani pangu, ingawa ilibidi asimame kwa vidole vya miguu. "Ulifanya sawa, Karanja. Hiyo ndiyo kazi ya daktari." Akawaambia watu. Mchungaji alinitaja kanisani, nikasimama, wakanipigia makofi. Mwisho wa Februari, kwa kuwa hapakuwa na filamu ya pili, jina langu ndilo lililopelekwa, na Daktari aliongeza maneno mazuri kuhusu moyo wangu.

Kirui alirudi mara moja tu mwaka ule, kuchukua vitu vyake. Tuliketi verandani. Hapakuwa na chapati. Daktari alikuwa mjini, sidhani kama ni kwa bahati. "Waliliwa wote?" akauliza. Nikasema wote. "Hata Wizara ya Maji?" Hata Wizara ya Maji. Akatikisa kichwa, akatabasamu kidogo, akaingia jikoni, akatoa chupa yake kwenye friji, akaimwaga sinki na kuisuuza mpaka ikang'aa. Tulipeana mikono. Nilikwenda ng'ambo, nikagundua katika mwaka wa kwanza kwamba mikono yangu kweli haifai, nikarudi na digrii ambayo sijaitumia. Kile kipande cha virusi hakuna aliyekijaribu tena. Baadaye wengine walichapisha chao, cha jamii ileile, na niliandika makala nzuri kuwasifu.

Pale Kikopey nyama ililetwa kwenye ubao, mkataji akaikata mbele yetu, kachumbari ikamiminwa pembeni. Kirui alivua koti. Alizungumza kuhusu Daktari, kuhusu binti yake anayesoma uuguzi, kuhusu wakulima wanaotaka dawa ya ng'ombe kwa kupiga simu bila kumleta ng'ombe. Nikamkatiza.

"Kirui. Ile Jumatatu nilikuwa nimejaza sindano. Nilikuwa na muda. Nilikwenda kunywa chai."

Alitafuna. "Chai gani?"

Nikamwambia chai gani. Nikamwambia ilivyochemka mara mbili, na Mama Njambi alivyokuja, na kile kilicholegea ndani yangu. Nilieleza vizuri, kama ninavyoeleza mambo yote, na nilipomaliza nikaona aibu kwa jinsi nilivyoeleza vizuri. Kirui alichukua kijiti, akachokoa meno, akatazama malori yakipanda kuelekea Gilgil.

"Sasa Profesa," akasema, "miaka hii yote umebeba hiyo?"

"Nimebeba."

"Na hukuniuliza?" Akasogeza ubao wa nyama upande wangu. "Ile filamu ilikuwa bure. Mwanga uliingia. Mlango wa stoo ulikuwa na ufa, pale juu, karibu na bawaba. Nilijua tangu siku ile, nikaogopa kumwambia Daktari. Hiyo filamu ya pili ingeniaibisha tu. Uliniokoa, hata hukujua."

Mwanga ukiingia stoo hauchagui kishimo. Ungeitia weusi filamu yote, ungepaka kishimo cha maji kama vingine vyote, na mahali pa maji palikuwa peupe kama maziwa. Niliona mimi, aliona yeye, na yeye ndiye aliyenifundisha kuangalia hapo kwanza. Alikuwa akinitazama usoni, bila kupepesa, mtu makini kuliko wote niliowahi kufanya nao kazi, akinipa sababu ambayo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeikataa. Alijua kwamba najua. Alingoja aone kama nitaichukua.

"Karibu na bawaba," nikasema.

"Pale juu."

"Ndiyo," nikasema, nikachukua ubavu. "Nakumbuka huo ufa."